Hii Ni Mboga au Mapambo?

Swali hilo niliulizwa na mteja wa kwanza kuketi kwenye kiti changu siku niliyoleta samaki kazini. Mimi ni kinyozi, Kondele, Kisumu. Mji wetu huu samaki ni wa sufuria: mbuta (sangara), ngege, omena, kamongo kwa wanaomthubutu. Mtu anayemweka samaki hai ndani ya kioo, akamlisha, kisha akamtazama tu bila kumla, huonekana ameshiba kabla ya wenzake. Mteja akacheka, nami nikacheka naye, ila nilikuwa na hesabu zangu. Jumamosi foleni huwa ndefu, stima ikipotea runinga inazimika, na runinga ikizimika watu wananyanyuka mmoja mmoja. Nikajiambia samaki hawahitaji stima. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na wala halikuwa kubwa kuliko yote.

Nilianza na bakuli la kioo la mviringo, lita tano hivi, na goldifishi watatu. Muuzaji aliniambia kwa uso mkavu kabisa, "Hawa hukua kulingana na chombo, kaka. Ukiwaweka kwa kidogo, wanabaki wadogo." Maneno hayo nimeyasikia tena mara nyingi tangu siku ile, kwa wauzaji na hata kwa watu wenye nia njema. Si kweli. Goldifishi wa kawaida akitunzwa vizuri hufika sentimita 25 na zaidi, na huweza kuishi miaka kumi, wengine hadi ishirini. Anayebaki mdogo ndani ya bakuli amedumaa, kama mtoto aliyekosa chakula, na huwa hakai sana. Lakini mimi nilitazama vile vidole vitatu vyekundu vikizunguka, nikaona lita tano ni uwanja wa mpira.

Siku ya nne mmoja alielea. Kufikia siku ya tisa bakuli lilikuwa tupu. Kinachoniuma ni kwamba niliwaua kwa upendo. Kila asubuhi nilimwaga maji yote nikajaza mengine ya mfereji, masafi, yanayometameta. Maji ya mfereji huwekwa klorini ili sisi tusiugue, na klorini hiyo huunguza matamvua ya samaki. Mchana nao mabati ya kibanda changu yakishika jua, bakuli dogo linapata joto upesi kama vile chai iliyosahaulika jikoni inavyopoa.

Ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, anaishi Nakuru, na ana goldifishi wanne ambao wamekaa kwake miaka mingi. Nilimpigia simu nikitaka kujua dawa gani anawapa. Akaniuliza swali moja: "Maji yako yana nyuzi ngapi?" Sikuwa najua kama maji huulizwa swali hilo. Nikanunua kipimajoto cha bei rahisi, nikakitumbukiza kwenye ndoo iliyokuwa imekaa dukani tangu asubuhi. Saa nane mchana kilisoma 29. Ndugu yangu alipima yake alfajiri iliyofuata, ikawa 18.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yeye na mimi hatuwezi kufuga samaki mmoja. Nakuru iko juu, mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wake unauma. Kisumu tuko kando ya ziwa, kama mita 1,130, na usiku wetu ni wa kulala dirisha likiwa wazi. Goldifishi asili yake ni Uchina, na maji anayoyapenda ni ya baridi kidogo, nyuzi 18 hadi 22. Juu ya hapo, maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo, na goldifishi ni mlaji mkubwa, mchafuzi mkubwa, anayehitaji hewa nyingi. Kwake yeye kibanda changu kilikuwa sawa na kumvalisha mtu koti la sufu Mandera. Kwa upande wa pili, samaki wa nchi za joto, kama gapi, moli, beta na tetra, wanataka nyuzi 24 hadi 28. Ndugu yangu akiwataka hao itambidi anunue hita na ailipie stima mwaka mzima. Mimi ninapewa joto hilo bure na mabati. Kwa hiyo mtu akiniuliza leo aanze na samaki gani, mimi kwanza humuuliza anaishi wapi, na kama chumba chake kina dari.

Nikaamua kununua tangi la kweli. Maduka ya mjini yalikuwa yakiuza vioo vilivyotoka nje kwa bei ya kunitoa machozi, kwa hiyo nikaenda kwa fundi wa vioo karibu na Kibuye, yule anayetengeneza madirisha na makabati ya kuonyeshea mandazi. Kaunta yangu ni nyembamba, akanishauri tangi refu la kusimama: sentimita 30 kwa 30, kimo 70. Lilikuwa na umbo la kupendeza, kama mnara. Nililibeba kwenye boda boda nikiwa nimelikumbatia kama mgonjwa.

Hesabu ya lita ni rahisi, na laiti ningeijua kabla ya kumlipa fundi. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Mnara wangu ulikuwa lita 63. Sasa chukua tangi la kulala, 60 kwa 30, kimo 35. Piga hesabu: lita 63 zilezile. Kwenye karatasi ni mapacha. Lakini hewa huingia majini kupitia uso wa juu, pale maji yanapokutana na upepo, na uso wa mnara wangu ulikuwa nusu ya ule wa tangi la kulala. Isitoshe, samaki huogelea kwenda mbele, hapandi ngazi. Ndani ya mnara samaki walikuwa wakipiga mapezi mawili matatu wanagonga kioo, wanageuka. Na mimi kusafisha chini ilibidi nizamishe mkono hadi kwapani, mteja akiwa na sabuni kidevuni ananisubiri.

Fundi aliuvunja mnara akaunganisha upya kuwa tangi la kulala, akaongeza kipande kimoja. Alinilipisha kazi tu, Mungu ambariki. Jambo moja alilosisitiza, na alikuwa sahihi, ni silikoni: itumike ile isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo ni sumu kwa samaki, na iachwe ikauke siku kadhaa kabla ya kutia maji. Mimi niliongeza langu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 63, pamoja na kioo na kokoto, ni zaidi ya uzito wa mtu mzima, na mtu huyo hatashuka juu ya kaunta hata usiku. Rafu yangu ya kwanza ya mbao ilianza kulia siku ya pili. Nikatafuta meza ya chuma.

Watu wengi hudhani tangi dogo ndilo la mwanafunzi. Ni kinyume. Ukiangusha kijiko cha chumvi kwenye sufuria ya mchuzi wa harusi hakuna atakayejua. Kiangushe kwenye kikombe cha chai uone. Uchafu wa samaki na makombo ya chakula huoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu. Ndani ya lita tano, kosa la asubuhi linaua jioni. Ndani ya lita 60 una siku mbili tatu za kugundua kwamba mtoto wako amewalisha samaki chapati. Mimi simshauri mtu aanze chini ya lita 50, na kama ana nafasi ya lita 100 namwambia achukue hizo.

Kisha ikaja subira, na subira sikuwa nayo. Tangi jipya lilipokuwa limejaa, maji yanang'aa, nilisubiri siku mbili, nikaingiza samaki kumi na wanne kwa mkupuo. Siku ya tano maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele. Siku ya saba nikaanza kuzika. Tangi jipya, hata liwe safi namna gani, halina wale bakteria wanaofanya kazi ya usafi. Kuna kundi linaloigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi lingine linaloigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia hadi ubadilishe maji. Bakteria hao huja wenyewe, hujishikiza kwenye kokoto na hasa kwenye sponji ya chujio, lakini huchukua wiki nne hadi sita kutosha. Mimi huita kazi hii kuchachusha tangi. Mama anayejua uji wa kuchacha hawezi kukuambia uuharakishe kwa kuongeza moto.

Mara ya pili nilitia chakula kidogo kila siku kwenye tangi lisilo na samaki hata mmoja. Wateja waliniona nikiyalisha maji, wakaanza kuniuliza kama nyumbani kuna amani. Ndugu yangu wa Nakuru akanipa msaada ambao sitausahau: alikamua sponji kuukuu kutoka chujio lake, akaifunga ikiwa mbichi kwenye mfuko wa plastiki, akamkabidhi dereva wa matatu. Kifurushi kilifika stendi ya Kisumu jioni ileile. Kondakta alinipa kwa vidole viwili akauliza kama ni samaki waliooza. Nikamwambia ni dawa. Sponji ile ilikuja na bakteria wake tayari, na wiki zangu zikapungua. Tangu hapo najua pia kwamba sponji haioshwi kwa maji ya mfereji. Naikamua ndani ya ndoo ya maji niliyoyatoa kwenye tangi lenyewe, na ya mfereji huyapa kwanza siku nzima ndani ya ndoo wazi, au matone ya dawa ya kuondoa klorini nikiwa na haraka.

Sasa nije kwa kuchagua majirani, maana hapa ndipo niliaibika mbele za watu.

Tangi likiwa limechacha vizuri, nilichagua samaki kwa rangi, kama mtu anayechagua vitambaa. Nikachukua gapi sita wenye mikia ya upinde wa mvua, beta mmoja dume, wa buluu, mkia wake umemwagika kama leso, na wawili wa milia myeusi wanaoitwa taiga babu. Hao babu hawakuwa na uzee wowote. Usiku wa kwanza walianza kumchuna beta mkia. Kufikia Jumamosi, siku ya foleni, leso yake ilikuwa kama nguo iliyokwama kwenye seng'enge, na wateja walikuwa wameanza kuwekeana dau.

Niliwalaumu babu kwa ukorofi, kumbe ukorofi ulikuwa wangu. Hao ni samaki wa kundi. Wakiwa wanane au kumi, wanakimbizana wenyewe kwa wenyewe, wanapangana nani mkubwa, na hawana muda wa jirani. Wakiwa wawili, nguvu zote hizo zinatafuta pa kwenda. Na nilikuwa nimewaletea jirani mzito, mwenye mapezi marefu, asiyeweza kukimbia. Beta naye hakuwa malaika. Dume wa beta hamvumilii dume mwenzake, hilo wengi wanajua, lakini anaweza pia kumwona gapi mwenye mkia mpana wa rangi akadhani ni hasimu. Asubuhi moja nilimkuta gapi wangu mzuri kuliko wote amekonda mkia. Sikuhitaji kuuliza ni nani.

Tangu siku hiyo simnunui samaki kabla hajajibu maswali yangu, na kwa kuwa yeye hasemi, huwa namtafutia majibu kabla ya kutoka nyumbani. Anafika urefu gani akiwa mtu mzima? Wa dukani wote ni watoto; kumnunua kwa ukubwa wa dukani ni kama kumshonea mtoto wa miezi sita suti ya harusi yake. Mdomo wake unapanuka kiasi gani? Samaki wengi humla kila anayeingia mdomoni, bila chuki yoyote. Oska, ambaye mteja mmoja aliniletea zawadi akiwa mrefu kama kidole, hufika sentimita 30; nilimshukuru mteja nikamrudishia siku hiyohiyo. Anaishi peke yake au kwa kundi? Tetra wa neoni, kwa mfano, akiwa mmoja hujificha hadi afe kwa woga; wawe sita au zaidi. Anakaa juu, katikati au chini? Hili nililipenda nilipolielewa, kwa sababu tangi moja linaweza kuwa nyumba ya ghorofa: gapi karibu na juu, tetra katikati, koridora wakifukua mchanga chini, na hakuna anayemkanyaga mwenziwe.

Halafu kuna samaki anayeuzwa kama mfanyakazi wa nyumbani. "Mchukue huyu, anakula uchafu," niliambiwa kuhusu pleko, mwenye mdomo wa kufyonza kioo. Alikuwa sentimita tano. Huyu wa kawaida huweza kufika 40. Wala hali kinyesi cha wenzake; anakula mwani, anakula mboga, kisha anaongeza kinyesi chake, na si haba. Mfanyakazi wa tangi ni mwenye tangi, na ndoo yake, kila wiki robo ya maji.

Gapi nao wana hila yao. Ukinunua madume na majike, jike mmoja huzaa watoto hai kila baada ya wiki nne hivi, na akishapandwa mara moja anaweza kuhifadhi mbegu na kuendelea kuzaa kwa miezi bila dume. Mimi nilikuwa na sita, baadaye sikuweza kuhesabu. Ukiwachanganya, weka majike wawili au watatu kwa kila dume, maana dume hapumziki na jike mmoja peke yake atachoka hadi afe. Ukitaka amani, nunua madume matupu. Waliozidi niliwapa majirani wenye matangi ya maji ya mvua, wakawala viluwiluwi vya mbu. Ziwani sikuwatupa hata mmoja, ingawa ziwa liko karibu na ni rahisi. Gugumaji linalofunga mashua zetu lilikuwa ua la mapambo la Amerika Kusini kabla ya kuonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Mtu mmoja mahali fulani aliliona zuri.

Na stima? Inahitajika, kwa pampu ya hewa. Ikipotea usiku kucha ndani ya tangi lililojaa, asubuhi samaki wote wako juu wanahema. Nilinunua pampu ndogo ya betri, lakini kinga yangu kubwa ni kuweka samaki wachache kuliko wanaotosha. Tangi lenye nafasi linavumilia giza.

Nina mteja mmoja, jaduong', yaani mzee, aliyevua samaki ujana wake wote. Hana nywele za kunyoa tena. Huja kwa ndevu na kwa maneno. Alikuwa akiangalia samaki wangu wa Amerika na Asia kwa miezi, kisha siku moja akasema, "Kijana, mbona hujaweka fulu?" Fulu ni wale wadogo wa ziwani ambao zamani walijaa kila wavu. Ziwa Victoria lilikuwa na mamia ya aina zao. Mbuta aliletwa katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amezagaa, akawala, aina nyingi zikapotea. Jaduong' alikuwa akivua wakati huo. Anasema mwaka mmoja wavu ulikuja na fulu, mwaka mwingine ukaja na mbuta, na hakuna aliyelia kwa sababu mbuta alikuwa na bei.

Wiki iliyofuata aliniletea fulu watano kutoka Dunga, ndani ya mtungi uliokatwa juu. Safari hii niliuliza maswali kwanza. Dume wa fulu hushika eneo lake na kulilinda kwa vita, kwa hiyo tangi la gapi halikumfaa. Fundi akanitengenezea la 90 kwa 40 kwa 40, lita 144, nikalipanga mawe hadi karibu juu ili mmoja akikimbizwa apate kona ya kupotelea. Dume mmoja, majike wanne. Aina moja tu, kwa sababu majike wa fulu wa aina tofauti hufanana mno, na jike humchagua dume kwa rangi yake. Ukiwachanganya utapata machotara yasiyo na jina. Joto la Kisumu halikuwasumbua, ni la kwao.

Mwezi wa pili jike mmoja akaacha kula. Alijitenga nyuma ya jiwe, kidevu kimevimba, anatafuna bila chakula. Nikajua ni ugonjwa. Nilikuwa nimeshika wavu na ndoo ya chumvi jaduong' alipoingia. "Mwache," akasema, hata hajaketi. "Ana watoto mdomoni."

Fulu wengi hufanya hivyo: jike huyaokota mayai, huyaatamia mdomoni, na hata yakianguliwa hukaa nao humo, wiki tatu hivi bila kula chochote cha maana. Tulihesabu siku kwenye kalenda ya ukutani, mimi na wateja. Siku ya kumi na tisa, Jumamosi, nilikuwa nimemaliza upande mmoja wa kichwa cha kijana fulani. Aliruka kutoka kitini na shuka shingoni. Jike alikuwa amefungua mdomo karibu na jiwe, na vitu vidogo kama punje za mtama vilikuwa vinatoka, vinasita, vinarudi ndani. Foleni nzima ilisimama mbele ya kioo. Mtoto mmoja alihesabu hadi kumi na saba akaanza upya.

Dume alikuwa ameshawaona, na alikuwa anakuja polepole. Nilimpigia fundi wa vioo simu kabla sijarudi kwenye upande wa pili wa kichwa.